Mfumo umeulipia, programu je ni ya nani?

Kuna kitu wenye nyumba smati kule Marekani huwa wanakijua wakiwa wameshachelewa. Ukifungiwa mfumo wa Crestron (kampuni ya vifaa vya kuendesha nyumba) wa taa, mapazia, AC na muziki, ule wa kuandikiwa programu, fundi anaiandika kwenye kompyuta yake, faili la .smw, halafu anaikompaili, yaani anaigeuza iwe lugha ya mashine, na kwa kawaida kinachoingia kwenye prosesa, kile kifaa kinachoendesha mfumo pale nyumbani, ni kile kilichokompailiwa. Sasa mkikosana, au kampuni ikifunga, fundi mpya bila lile faili hata kazi ya kitufe kimoja cha sebuleni hawezi kubadilisha, anakwambia tuanze upya, na bili nayo inaanza upya.

Kisheria huko Marekani ndo balaa zaidi. Aliyeandika akiwa kontrakta na si mwajiriwa wako, hakimiliki haihami bila maandishi yenye saini yake, hata kama ulishalipa hela yote.

Mafundi nao wana hoja jamani, moduli zilezile, yaani vipande vya programu walivyokwisha kuandika, wanatumia kwa wateja kibao, watampaje mtu mmoja? Mi naona wabaki na hakimiliki yao, ila mwenye nyumba apewe faili na ruhusa ya kulibadilisha kwa matumizi yake, tena iandikwe kwenye mkataba kabla hajatoa adivansi.