Nilivyojifunza maneno ya poka kwa bakuli la maharage

Kwa sisi tuliokulia kwenye wahedisitini, mchezo wetu wa karata, shida ya kwanza ya poka ni saba. Kwetu saba ina pointi 10, inafuata nyuma ya ree. Kwenye Texas Hold'em, aina ya poka niliyojifunza, saba na mbili zisizo za aina moja ndizo garasa za kutupa, hakuna mwanzo mbaya kuliko huo. Na turufu hakuna: kopa, uru, shupaza na maua vyote hadhi yake moja.

Nilikuwa na orodha ya maneno ya poka iliyopangwa kwa alfabeti. Haikuniingia. Aliyenifungua ni shemeji, mtu aliyekaa melini miaka mingi. Tulicheza wanne kwa maharage makavu, pesa aliikataa kabisa, na neno hakulieleza mpaka lifike zamu yake mezani.

Kwa hiyo nilianza na blaindi: wawili wanaofuatana kushoto kwa mwenye kitufe, yaani alama ya mgawaji, wanaweka dau kabla ya kuona chochote, wa kwanza harage moja, wa pili mawili. Kila mtu anapata karata mbili za siri. Ukikoli unalipa sawa na dau lililopo, ukireizi unalipandisha, ukifoldi umetupa karata zako. Kucheki ni kupitisha bure, pale ambapo hudaiwi kitu. Kisha mezani zinafunguliwa karata tatu kwa pamoja, ndiyo flopu. Halafu moja, tani. Halafu ya mwisho, riva. Kila hatua ina dau lake.

Kika niliielewa kwa kumla dada. Mezani palikuwa na ree, kila mmoja wetu alishika ree nyingine, kwa hiyo jozi zetu sawa. Mimi pembeni nilikuwa na mzungu wa nne, yeye tisa. Karata hiyo ya pembeni ndiyo kika, na poti, yaani maharage yote yaliyowekwa, ikaja kwangu. Alinuna kidogo.

Autsi ndizo zilizonikalisha chini, na kwa maoni yangu ndilo neno la kujifunza kuliko blafu, yaani kutishia kwa dau huku karata zako mbovu, ambayo wageni wote huikimbilia. Tulifika tani, mkononi nina kopa mbili, mezani kopa mbili. Nikipata moja zaidi ninakuwa na flashi, karata tano za aina moja. Kopa ni 13, nne nimeziona, zimebaki 9. Hizo ndizo autsi zangu. Poti lilikuwa na maharage 20, shemeji akaweka 10.

"Shem, unakoli au unafoldi?"

Nilipe 10 ili nishindanie jumla ya 40, 10 yangu yakiwemo: lazima nishinde robo ya mara zote ili nisile hasara. Karata nisizoziona ni 46, na 9 kati ya 46 haifiki hata asilimia 20. Nikafoldi. Kama angeweka maharage 5 tu, ningekoli bila kusita.

Majina ya utani ya karata niliyaacha mwisho. Karata ya kumi ikiwa pamoja na ya mbili huitwa Doyle Brunson, kwa sababu mcheza poka huyo wa Marekani alimalizia nazo ubingwa wa World Series of Poker kule Las Vegas mwaka 1976, kisha 1977 tena. Tangu dada asikie hayo, akipewa kumi pamoja na mbili hafoldi ng'o, na bakuli lake la maharage kila siku liko tupu.