Siku Moja ya Dalali wa Land Rover za Zamani, Arusha

Saa 11:30 alfajiri, kabla makonda wa Sakina hawajaanza kugombea abiria, huwa nimeshawajibu watu waliouliza usiku kama gari bado lipo na kama bei inapungua. Kazi yangu ni udalali wa magari ya zamani, hasa Land Rover, na sina yadi wala bango: namkutanisha mwenye gari na mwenye fedha, na wasipoelewana sipati hata nauli ya kurudia nyumbani. Wengi mjini hapa wanaamini kwamba dalali ni mtu wa kukaa kivulini akisubiri cha juu. Acha niwasimulie Jumanne iliyopita, ili mkione hicho kivuli.

Saa 1 asubuhi nilikuwa Tengeru, kwa mzee mmoja mstaafu anayeuza Land Rover yake ya mwaka 1978, Series III, ile ndefu tunayoiita mia na tisa kwa sababu umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Nilimwamkia, nikanywa chai ambayo kwake haikataliwi, tukathibitisha masharti: anaanzia milioni 14, hashuki chini ya 12, na mtu yeyote anayetaka kulikatakata gari ili auze vipuri asifikishwe getini. Sharti hilo la mwisho hunitesa kuliko bei, kwa sababu mnunuzi hajitambulishi kwa nia yake. Tangu tamasha la Land Rover la Oktoba 2024, lililojaza magari haya barabarani kwetu, wazee wengi wametambua kwamba mkweche uliolala chini ya mgomba una thamani, na wengine sasa hutaja bei zinazomkimbiza mteja kabla hajaliona gari. Mzee wangu ana afadhali, anajua anachokiuza.

Kuosha, kupima oili, kujaza maji kwenye rejeta na kufunga betri kulinichukua hadi saa 3. Tone la oili chini ya gea boksi sikulifuta, kwa kuwa kama lipo leo litakuwepo na kesho.

Mteja aliahidi kufika saa 4 akitokea Moshi. Saa 5 alisema yuko Boma Ng'ombe. Saa 6 na robo aliingia akiwa na fundi wake, shemeji yake na kijana wa kurekodi video, na kabla hajamaliza salamu alitoa mfukoni sumaku ya spika na kuibandika mlangoni. Ikaanguka. Akaibandika kwenye madigadi, ikaanguka. Juu ya boneti, ikaanguka tena. Akamgeukia mwenye kamera na kutangaza kwamba hakuna chuma, gari zima limejazwa puti.

Nilimweleza, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Kwamba gari la kwanza lilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo watengenezaji wakageukia aluminiamu. Na kwamba sumaku haishiki aluminiamu hata ikiwa mpya kutoka kiwandani. Alinisikiliza kama anayesubiri tangazo la redio liishe. Kisha akaigusisha kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, ambao ni wa chuma, ikanasa, naye akasema kwamba angalau hapo ndipo pa asili.

Basi nikatandika boksi chini, nikalala chali, nikamwita fundi wake aje tulale wote. Kinachomuua Land Rover wa umri huu si bodi, ni chesisi, ambayo ni ya chuma na huoza kuanzia ndani, kwa hiyo rangi mpya juu yake haithibitishi lolote. Tuligonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele: sauti kali, sauti kali, mpaka kwenye boriti ya nyuma ambapo ilibadilika na kuwa butu, na vumbi la kutu likanidondokea machoni. Niliwaambia kabla hawajauliza kwamba hapo panahitaji kukatwa na kuchomelewa chuma kipya, na kwamba mzee yuko tayari kupunguza laki 5 kwa ajili hiyo. Fundi alisugua kwa brashi ya waya kwenye mkono wa chesisi, upande wa kulia mbele, hadi namba zikaonekana, nasi tukazisoma moja moja huku shemeji akifuatisha kwenye kadi. Zililingana. Hapo nami huwa nabana pumzi, maana tarakimu moja ikipishana, kubadilisha umiliki TRA kunakwama.

Kuona ukweli mmoja umetolewa bure, mteja akaanza kujipunguzia mwenyewe: laki 3 za tairi, laki 1 ya mlango wa nyuma usiofunga mpaka upigwe bega, na laki 2 kwa sababu gari halina redio, kitu ambacho halijawahi kuwa nacho.

Majaribio tulifanya kwenye mlima wa kuelekea Akheri, yeye akiwa kwenye usukani. Nilimwonyesha kitufe cha njano kinachobonyezwa ili tairi za mbele nazo zivute, na rungu jekundu linaloleta gia za nguvu, nikasema mara mbili kwamba hilo jekundu huvutwa gari likiwa limesimama. Alilivuta tukiwa tunatembea. Mlio uliotoka humo chini ninausikia hadi sasa.

Tuliporudi sijui ilikuwa saa ngapi; njaa ilikuwa imeshapita yenyewe. Mteja alizima injini, akataka kuiwasha tena, betri ikakataa, na kijana akawasha kamera haraka. Mzee alitoka ndani bila kusema neno akiwa na hendeli, akaipitisha kwenye tundu lililo mbele, akaishika dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha nyuma hulivunja, akavuta mara moja kwenda juu. Injini ikashika.

"Mwambie mgeni wako redio ndiyo hiyo," alisema, akarudi ndani.

Mteja akatoa milioni 9, akapanda hadi 10 na nusu, akasema lazima akashauriane na mke wake. Nilibaki nikifungua betri ili ikachajiwe, kisha nikasimama kwenye daladala kutoka Tengeru hadi mjini, mgongo wote una matope.

Usiku alipiga: milioni 11 na nusu, hiyo laki 5 ya chesisi ikiwa imeshatolewa kwenye 12. Mzee, nilipompigia, alikubali kwa sharti kwamba gari lisikatwe na hilo liandikwe kwenye mkataba. Nikamtaka mteja afike kwa wakili saa 3 asubuhi na TIN yake na kitambulisho cha NIDA. Akajibu kwamba labda Ijumaa, ila nisimwonyeshe mtu mwingine gari. Nilimweleza kwamba bila kutanguliza chochote gari litaonyeshwa kwa kila atakayefika, na kwamba saa 4 kuna mtu anakuja kutoka Karatu.