Nukta za penseli

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimwomba mwalimu wa Darasa la Pili aje akae nyuma ya darasa langu la Tano, kipindi kizima cha Hisabati. Miaka 13 nafundisha huku Bahi, nimekaguliwa mara nyingi, na maoni nayajua kabla kalamu haijagusa karatasi: "Somo zuri, ongeza ushirikishwaji." Niongezeje? Kwa nani? Ukitaka kuuliza, mgeni keshapanda pikipiki.

Madamu hakuandika sifa wala lawama. Alichora madawati yote kwenye daftari, kila mtoto aliyejibu akamwekea nukta ya penseli. Mapumziko tukakaa chini ya mwarobaini, akanipa daftari, akanyamaza. Nimeuliza maswali 26. Nukta 19 ziko kwa watoto wanne wa mbele, upande wa dirishani, pale ninapopenda kusimama. Safu ya nyuma nyeupe pee.

Nikaanza kujitetea: nyuma hawaoni ubao, na vumbi hili la Agosti... Akanikatiza. "Ukishauliza, unasubiri muda gani?" Nikasema sekunde tano hivi. Akacheka mpaka akashika kilemba. Mara nyingi hata moja haikutimia.

Kumbe ugonjwa huu si wangu peke yangu. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto wasiozoea kujibu wakaanza kujibu.

Jumatano nikaja na kopo lenye majina ya watoto wote kwenye vipande vya boksi. Nauliza kwanza, nahesabu mpaka tatu kimoyomoyo, ndipo nachomoa jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine wote wanapumzika. Kusubiri kwenyewe ni kazi. Sekunde tatu za kimya zinavutika kama foleni ya ndoo kisimani.

Likatoka jina la binti wa dawati la mwisho. Nusu jumlisha theluthi? "Mbili ya tano," akasema, kwa sauti ya kunong'ona.

Zamani ningesema "hapana, mwingine!" Safari hii nikauliza, "Umepataje?"

"Nimejumlisha juu, nikajumlisha chini."

Nikaona vichwa vinatikisika kukubali, darasa karibu lote. Hao hao ambao wiki nzima nikiuliza "mmeelewa?" waliniitikia "ndiyooo mwalimu!"

Nikachukua bua la mtama, nikalikata nusu, nikampa. "Hii yako. Nikikuongezea na theluthi, utakuwa na pungufu ya nusu?" Maana mbili ya tano haifiki hata nusu. Akaligeuza bua mkononi, muda mrefu. "Basi nimeibiwa, mwalimu."

Tukaligawa bua jingine vipande sita: nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano vya sita. Kipindi kikaisha sijagusa zoezi nililoliandika kwenye andalio la somo. Sijutii.

Kwenye MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunatakiwa tufanye hivi hivi katika jumuiya za kujifunza, ila kwetu saa ile huliwa na matangazo.

Ijumaa Madamu alirudi na penseli yake. Nyuma zimo nukta saba. Sasa safu ya katikati ndiyo niliyoisahau. Kesho ni zamu yangu kukaa kwake. Ameniomba jambo moja tu: nihesabu ni mara ngapi anasema "mmeelewa".