Siku yangu maabara Kigoma: kuvu wa mikoko mbele ya bakteria wa vidonda

Saa 12:30 asubuhi. Nateremka kutoka Mwanga, ziwa liko mbele yangu. Mikoko haioti Tanganyika, huota pwani kwenye maji chumvi. Ninayoishughulikia iko delta ya Rufiji, upande wa pili wa nchi. Wenzangu wa pwani wanachuma majani ya mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, wanayaosha kwa spiriti na klorini mpaka vimelea vya juu ya jani vife, kisha wanaotesha kuvu wanaoishi ndani yake. Maji ya suuza ya mwisho nayo hupandwa kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea vimelea. Kikiota chochote pale, jani hilo halihesabiki. Dondoo la kila kuvu, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka kwake, linakaushwa na kunifikia ndani ya vichupa.

Saa 1:30. Nafungua inkubeta, kabati la joto la kuoteshea vimelea. Huu ndio muda ninaoupenda kuliko wote. Jana nilipaka Staphylococcus aureus, bakteria wa vidonda, kwenye sahani ya agari, nikaweka diski za karatasi za milimita 6 zilizonyweshwa dondoo. Naanza na diski mbili za kulinganishia: yenye kiyeyushi kitupu haitakiwi kuzungukwa na duara tupu lisilo na bakteria, ya siprofloksasini, antibiotiki inayojulikana, lazima iwe nalo. Zote ziko sawa. Dondoo la kuvu mmoja wa mchu limesafisha duara la milimita 14.

“Dada, tumepata dawa?” anauliza kijana wa mafunzo.

Bado, mdogo wangu. Duara linategemea pia jinsi kitu kinavyosambaa kwenye agari. Kisichopenda maji chaweza kuwa kikali na duara lake likawa dogo, kwa hiyo hata madondoo yaliyoonekana dhaifu siyatupi.

Saa 4. Kazi ya mikono: nazimua dondoo nusu kwa nusu kwenye vishimo vidogo, kutoka mikrogramu 512 kwa mililita kushuka chini, naongeza bakteria. Kesho nitadondoshea resazurini, rangi ya kupimia uhai. Kishimo kikibaki bluu, bakteria wamezuiwa. Kikigeuka waridi, wako hai. Cha bluu nacho nitakipanda upya, kwa sababu kuzuiwa na kufa ni mambo mawili.

Saa 7. Ugali na dagaa wa mawese.

Saa 8:30. Majibu ya usaha wa mgonjwa: kimelea ni sugu kwa antibiotiki ya seftriaksoni. Inauma, maana sindano hiyo tunaitegemea sana wodini. Nayo asili yake ni kuvu: mwaka 1945 Giuseppe Brotzu alimpata kuvu kwenye maji ya bahari karibu na mdomo wa mfereji wa majitaka, Cagliari, Italia, na kutoka kwake likazaliwa kundi zima la antibiotiki za sefalosporini, seftriaksoni ikiwamo. Ndiyo maana siwezi kuwadharau kuvu wa mikoko ya Rufiji.

Saa 10:45. Namwandikia mwenzangu wa pwani: kuvu wa mchu akuzwe tena kwa wingi, ila aanzie kwenye mbegu ya kwanza iliyogandishwa. Kuvu akihamishwa mara nyingi kutoka sahani hadi sahani, mbali na mti wake, huweza kuacha kutengeneza kile tunachokitafuta.