Kifua cha bibi leo

Bibi yangu hapa Kisauni alipona TB zamani, ila pafu la kulia lilibaki na makovu. Makohozi hujaa humo kila usiku.

Leo asubuhi, kabla ya chai, mtaalamu wa fiziotherapia alikuja nyumbani akamlaza kwa ubavu wa kushoto.
Upande uliojaa ukae juu, makohozi yateremke yenyewe kuelekea kooni.

Akampigapiga mbavuni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, mbali na uti wa mgongo.
Po, po, po.

Bibi akakohoa. Yakatoka, mazito!

Halafu akaniita: "Mjukuu wangu, hebu sikiliza."
Nikaweka sikio mgongoni. Ule mkoromo umepungua kabisa. Wallahi nimelia.

Mnaouguza wazee wenye kifua, nyinyi huwalaza hivi kutoa makohozi saa ngapi? Niambieni.