Dakika ya Sita

Mwanangu aliivuta kutoka chini ya mashuka yasiyotumika, akaitandaza kitandani na kuniuliza ni jezi ya timu gani. Ni jezi ya bluu, imepauka mabegani, na nembo ya kifuani imeanza kubanduka upande mmoja. Nilimwambia kwamba ni ya Taifa Stars. Alinyamaza kidogo, kwa ule uzito wa mtoto wa miaka sita anayehisi kwamba mtu mzima amesema jambo lisilolingana na yote aliyokwisha kumfundisha, kisha akasema, "Kumbe sisi tuna timu nyingine?"

Kosa ni langu, wala sina wa kumsingizia. Mtoto huyu alivishwa jezi nyekundu ya klabu yetu, Simba, kabla hajaota jino, alijua kwamba Agosti 8 ni Simba Day kabla ya kuambiwa kwamba ni sikukuu ya wakulima, na neno "mtani" kwake lina maana moja tu, nayo si nzuri. Nilijitahidi kumweleza kwamba timu ya taifa haina Msimbazi ya Simba wala Jangwani ya Yanga, kwamba huchagua wachezaji wazuri popote walipo, wawe Simba, Azam, ng'ambo, na hata Yanga. Hapo ndipo alipouliza, "Na wa Yanga akifunga, tunashangilia?"

Nilijibu "ndiyo" kwa haraka iliyonitia shaka mimi mwenyewe.

Swali hilo lingeulizwa wakati ligi inaendelea, ningelisahau kabla ya mechi iliyofuata. Lakini limekuja katika kipupwe, wakati ambapo shabiki hana mechi na analishwa uvumi wa dirisha la usajili: nani ameonekana uwanja wa ndege akiwa ameshusha kofia usoni, nani amefuta picha za klabu yake, mkataba wa nani umebakiza miezi sita. Watu ambao hawajawahi kusoma mkataba wao wenyewe wa kazi huwa mawakili wa mikataba ya wachezaji. Katika ukimya huo, ambapo klabu haina cha kukupa ila ahadi, ndipo timu ya taifa inapopata nafasi ya kusikika, na ndipo mimi ninapokumbuka, bila kutaka sana, kile nilichopiga kelele usiku mmoja wa Juni 2019.

Msimu ule ulikuwa wa kwetu. Simba ilitwaa ubingwa wa pili mfululizo na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya kufungwa mabao matano Kinshasa na mengine matano Misri, vipigo ambavyo nilivimeza vyote viwili nikiwa nimekaa sakafuni. Machi 16 tuliifunga AS Vita ya Kongo 2-1 nyumbani kwa bao la Clatous Chama la dakika za mwisho, na jukwaani walikuwapo watani zetu wakiwashangilia Wakongo kana kwamba wamezaliwa nao. Siwalaumu. Mimi nimewahi kuimba nyimbo za timu za Kiarabu ambazo majina yake sikuweza kuyatamka sawasawa, mradi tu zilikuwa zinacheza na Yanga.

Siku nane baadaye, Machi 24, nilirudi katika uwanja uleule, na watu walewale wakakaa kando yangu. Tuliifunga Uganda 3-0, kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, na kwa kuwa Cape Verde na Lesotho walitoka suluhu, Tanzania ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza baada ya miaka 39. Jirani yangu wa kitini, ambaye juma lililotangulia huenda alikuwa Mkongo, alinikumbatia. Nikamkumbatia nami. Jezi ya bluu niliinunua siku chache baadaye, na sikumwambia mtu yeyote katika kundi letu la Msimbazi kwamba nilikuwa nimetumia fedha za jezi kwa jezi isiyo nyekundu.

Basi tufike Alhamisi ya Juni 27, saa tano usiku, mechi yetu na Kenya jijini Cairo. Tulikuwa sebuleni kwangu, mimi na shemeji. Shemeji huyu, kaka wa mke wangu, ni Yanga wa damu, na hajabadilika, isipokuwa kwamba wakati ule alikuwa bado na nywele. Alikuja na jezi ya bluu kama yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake tulikaa kochi moja kutazama mpira, kwani siku nyingine zote yeye hukaa upande wa mlango ili aweze kuondoka upesi mambo yakimwendea vibaya. Tanzania ilikuwa imefungwa 2-0 na Senegal, Kenya nayo 2-0 na Algeria, na kila upande ulijua kwamba atakayepoteza usiku ule angeanza kufunga mizigo.

Sasa naomba nieleze jambo moja kuhusu Msuva, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana kuwa ni wazimu mtupu. Alicheza Yanga kwa miaka mitano, kuanzia 2012 hadi alipokwenda Morocco mwaka 2017, na kwa miaka yote hiyo mitano nilimwogopa. Nilimwogopa kwa mwili mzima. Alikuwa na tabia ya kufika mahali mpira ulipotemwa kabla ya mtu mwingine kukumbuka kwamba mpira hutemwa. Februari 25, 2017 nilikuwa uwanjani alipotufunga kwa penalti katika dakika ya tano tu ya mchezo, na ingawa siku hiyo tulisawazisha tukiwa nyuma na hatimaye Shiza Kichuya akatupa ushindi wa 2-1, niliondoka na furaha iliyochanganyika na kinyongo, na njiani nilimwombea mchezaji yule maumivu ya msuli ambayo, namshukuru Mungu, hakuyapata. Shemeji, kwa upande wake, alikuwa akimtaja kwa jina moja tu, kama watu wanavyomtaja mtoto wao.

Katika dakika ya sita Mbwana Samatta alipiga shuti. Kipa wa Kenya, Patrick Matasi, aliupangua mpira, lakini hakuupeleka mbali. Mpira ukawa pale, hauna mwenyewe, kwa muda ambao saa ya mwamuzi isingeweza kuupima, nami kwa pembe ya jicho nikaliona umbo ninalolijua, ule mwinamo wa mabega, zile hatua fupi za mtu aliyekwisha kujua mpira utaangukia wapi. Sikufikiri. Kama ningefikiri ningeona kwamba jezi ni ya bluu, kwamba kipa si wetu, kwamba ule ndio ujio niliokuwa nikiuomba tangu Machi. Lakini mwili uliofundishwa kuogopa kwa miaka mitano haungoji kuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Nilisimama wima, nikanyoosha mkono kuelekea kwenye televisheni, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mkabeni!"

Hakuna aliyemkaba. Mpira ukaingia wavuni.

Palikuwa na ukimya mfupi sana, wa kiasi cha shemeji kunigeuzia uso, na katika ukimya huo mimi mwenyewe nililisikia neno langu likirudi kutoka ukutani. Kisha sote wawili tukalipuka. Tuliruka, tukakumbatiana, kochi likasogea hadi likagonga kabati, mke wangu akatoka chumbani kuuliza kama kuna msiba. Lilikuwa bao la kwanza la Tanzania katika mashindano hayo tangu lile la Thuwein Ally dhidi ya Ivory Coast, kule Nigeria mwaka 1980, wakati ambapo mimi na shemeji hatukuwa tumefikiriwa. Na lilitengenezwa, ukiliangalia kishabiki, kwa namna ambayo hakuna kiongozi wa mpira angeweza kuipanga: shuti la kijana aliyepita Msimbazi kabla ya kwenda TP Mazembe na Ulaya, likatemwa, likamaliziwa na kijana wa Jangwani. Nilikuwa nimeshika shingo ya shemeji nikimwambia "tumefunga, tumefunga," naye, machozi yakimtoka kwa kicheko, alikuwa akijaribu kuniuliza kitu. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Shemeji," alisema, "ulitaka akabwe na nani?"

Sina jibu la swali hilo hadi leo. Nilimwambia nilikuwa nikiwahimiza mabeki wa Kenya kwa kejeli, uongo ambao haukuishi hata dakika moja.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Michael Olunga alisawazisha katika dakika ya 39 kwa mpira wa kujipindua ambao hata sisi tuliukubali kimoyomoyo. Dakika moja baadaye Samatta akaturudisha mbele, na kochi likagonga kabati kwa mara ya pili. Tulikwenda mapumziko tukiongoza 2-1 na tukiwa tumeshaanza kupiga hesabu za hatua ya mtoano, yale makosa ya kizamani. Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa baada ya saa moja ya mchezo kupita. Katika dakika ya 80 Olunga akafunga tena, na ikawa 3-2, na ikabaki hivyo.

Lakini kuna jambo lililotokea baina ya bao la pili la Kenya na la tatu ambalo shemeji hajawahi kulitania, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko kelele zangu. Hadi mapumziko tulikuwa tukisema "tumefunga", "tunaongoza", "tukaze". Bao la Omolo lilipoingia, shemeji alisema, kwa sauti ya chini, "Huyo aliyemwacha ni wa kwenu." Nami, badala ya kumwambia aache upuuzi, nilitazama marudio ya bao kwa makini, si ili kuona kosa lilivyotokea bali ili kujua aliyekosea amesajiliwa wapi, na nilipodhani nimepata wa upande wa pili nilihisi kitu ambacho, nikikiita kwa jina lake, ni nafuu. Bao la tatu lilipoingia nilisikia mdomo wangu ukisema, "Wamefungwa." Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu usiku ule. Kinshasa ilikuwa 5-0 na nilisema "tumefungwa". Misri ilikuwa 5-0 na nilisema "tumefungwa", nikalala bila kula. Cairo ilikuwa 3-2, na katika dakika kumi za mwisho tu nilikwisha kuhama.

Shemeji aliondoka bila kuaga vizuri. Julai 1 Algeria, ambao ndio waliokuja kutwaa kombe lenyewe, walishinda 3-0, na Stars ikarudi nyumbani bila pointi. Wiki hiyohiyo habari za usajili zilianza kupamba moto, nikaifua jezi ya bluu, nikaikunja, nikaiweka chini ya mashuka. Sikuwa na hasira nayo. Agosti ilikuwa inakaribia, na nilikuwa na mambo ya kufikiria.

Ningependa kusema kwamba timu ya taifa huazima mapenzi yetu kwa dakika tisini na kuyarudisha yakiwa yamechakaa, lakini nikisema hivyo nitakuwa nimeitupia lawama zisizo zake, kwani mimi ndiye niliyeipa mkopo wenye masharti. Kuna watu wanaoweza kupenda vyote viwili kwa ukamilifu; nimewaona, hawajifanyi. Huenda mimi nilipewa klabu mapema mno, katika umri ule ambao mtu huchukua kila kitu pamoja na adui yake, na baadaye ni vigumu kumvua mmoja bila kumchubua mwingine. Au huenda ni kisingizio. Mtoto wangu naye nimempa vyote viwili, timu na adui, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimsimulia habari za usiku ule, nikiruka baadhi ya sehemu. Alikuwa ameivaa jezi, nayo ilimfika chini ya magoti. Nilimwambia juu ya Samatta na Msuva na bao la dakika ya sita, na juu ya Olunga, na kwamba mashindano ya 2027 yamepangwa kuchezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda kwa pamoja. Alitaka kujua kama Kenya hao ndio walewale. Nikamwambia ndio.

"Walitufunga tatu?" aliuliza, kwa uchungu wa kweli, mtoto ambaye usiku ule hakuwa amezaliwa.

Nilitaka kumsahihisha, sijui kitu gani.

Kuhusu kelele zangu sikumwambia neno. Lakini Jumapili mjomba wake alikuja, akaiona jezi, akaketi naye sakafuni, na nilipokuwa jikoni nikasikia kicheko nikajua habari imekwisha kufika. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Anakimbia ukumbini na ile jezi ikimpiga miguuni, yeye ndiye Msuva, mpira umetemwa, na anapokaribia mlango, ambao ndio goli, ananyoosha mkono na kujipigia kelele mwenyewe, "Mkabeni! Mkabeni!" kisha anafunga.