Siku moja maishani mwangu: chupa 36 na nta ya mishumaa, Lamu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nikishaswali Alfajiri huenda moja kwa moja kwenye friza. Ndani yake, katikati ya barafu ninayowauzia wavuvi, mmelala chupa 36 za glasi tangu jana saa tatu usiku. Kila moja ilikuwa mshumaa. Zimetoka Shela, kwenye nyumba za wageni, ambako watu hula chakula cha usiku juu darini, na upepo wa kusi haumwachii mtu mshumaa ulio wazi. Ndiyo maana mishumaa yao hukaa ndani ya glasi. Utambi ukifika mwisho, chini hubaki nta ya kimo cha kidole, kibati kilichoshika utambi, na masizi mdomoni. Zamani vitu hivi vilikuwa taka. Siku hizi huniwekea kwenye kreti, na kreti huja mjini kwa boti.

Mnunuzi wangu mkubwa ni wifi yangu, mpishi wa udi. Keshokutwa kuna harusi na anataka chupa 34 kabla ya Magharibi. Udi, kama mjuavyo, una harufu yake na haukubali mke mwenza. Chupa ikibaki na chembe ya nta yenye manukato ya vanila au lavenda, baada ya siku mbili udi wote umeharibika. Kwa hiyo mimi sihesabu chupa kuwa safi kwa sababu inang'aa. Ni safi pale pua inapokosa cha kusema.

Saa kumi na mbili na robo

Chai, mahamri mawili, kisha kazi kiwandani, ule ua wa katikati ya nyumba, kabla jua halijafika.

Natoa chupa nne nne. Joto la Lamu halingoji, ukizitoa zote kwa pamoja za mwisho zitakuwa zimeshalainika. Nta ikipata baridi hunywea kuliko glasi inavyonywea, basi hujiachia yenyewe ukutani. Nabonyeza upande mmoja kwa ncha ya kisu butu, nasikia "tak", nageuza chupa juu ya sinia, nta inadondoka nzima kama kipande cha halua. Mlio ule nimeusikia miaka mitano na bado unanipendeza.

Zile zenye mabega, yaani tumbo pana na mdomo mwembamba, zinataka akili kidogo. Nta yake haiwezi kupita mdomoni ikiwa nzima. Hizo nilizikata jana mchana, nta ikiwa bado laini, nikapasua msalaba hadi chini kabla ya kuzitia kwenye friza. Leo vipande vinatoka kimoja kimoja. Anayesahau kukata atakaa akichokoa nta ngumu kwa kisu kikali, na hapo ndipo glasi hukwaruzika na vidole hukatika.

Hadi saa moja unusu, chupa 22 zimeachia nta yote. 14 zimegoma. Nyingi katika hizo ni za nta ya soya, ambayo ni laini na hubakiza utando kama mafuta.

Kila anayeniona nikifanya kazi hii huniuliza, kwa nini usimwage maji ya moto tu yakamaliza? Nawajibu kila mara, na nitawajibu hapa pia. Maji ya moto hayaondoi nta, yanaihamisha. Nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 hivi, kutegemea aina, kwa hiyo maji ya birika huiyeyusha bila shida. Lakini ukiyamwaga, hatua chache mbele yameshapoa na nta imeganda tena, safari hii ndani ya bomba au kwenye mfereji wa kichochoroni. Mji huu mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, mifereji yake inapita mlangoni kwa kila mtu ikielekea baharini. Nta nitakayoimwaga mimi itamzibia jirani wa chini. Na maji yenyewe tunayapata kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Hayo si maji ya kuchezea. Baridi inanifanyia sehemu kubwa ya kazi bila hata kikombe kimoja.

Saa mbili asubuhi

Hapa niliteleza. Mpwa wangu wa kiume, ambaye yuko likizo, alikuwa amechemsha maji kwa ajili ya zile 14. Mimi kwa haraka nikachukua chupa iliyotoka kwenye friza dakika ile, nikamimina. Ikapasuka mkononi mwangu kutoka chini hadi mdomoni. Alhamdulillahi sikukatika. Glasi ya baridi ikikutana na moto wa ghafla, upande wa ndani hutanuka kabla ya upande wa nje, na glasi haijui kunyumbuka. Najua jambo hilo vizuri, na bado nililifanya.

"Shangazi, mbona ulinikataza mimi jana?" mtoto akaniuliza. Nikamwambia alichosema ni haki, na kwamba kosa ni langu.

Zikabaki 13. Tukaziacha kivulini hadi zikasahau baridi. Kisha nikatandika kitambaa cha kikoi kuukuu chini ya sufuria pana ili chupa zisiguse chuma, nikazipanga, nikatia maji ya uvuguvugu hadi nusu ya kimo chake, ndipo nikawasha jiko, moto mdogo. Maji yanapanda joto taratibu na chupa zinapanda nayo. Utando ukianza kuwa maji naitoa chupa moja kwa kitambaa, nafuta ndani kwa gazeti kuukuu mara mbili tatu, ingali ya moto. Gazeti linanyonya nta vizuri kuliko nguo. Gundi iliyoshika kibati cha utambi nayo hulainika, kibati kinang'oka kwa kusukumwa na mpini wa kijiko.

Maji ya sufuria siyamwagi. Yakipoa, nta iliyovuja huelea juu na kuganda, naiondoa kama mtu anavyoondoa samli iliyoganda juu ya mchuzi. Maji yanayobaki yanaoshea sakafu.

Saa nne

Kuosha. Sabuni ya maji, maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani kwa kona ya chini. Masizi ya mdomoni hutoka kwa bekin soda na tone la maji. Lebo za karatasi nje huachia zikilowekwa, lakini gundi yake hubaki inanata. Hiyo naipaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na bekin soda, naiacha robo saa, nasugua, naosha tena. Mchanga hapana, hata kama bibi zetu walisugulia sufuria mchanga. Glasi hukwaruzika na ikishakwaruzika haina dawa.

Chupa zilizopakwa rangi au dhahabu ndani siziuzi kwa mtu wa achari, hata akibembeleza. Sijui rangi ile ina nini. Za udi ni za udi.

Saa sita hadi saa tisa

Adhuhuri, wali wa nazi na samaki, usingizi mfupi. Chupa zilikuwa darini juani, midomo juu. Umeme ulikatika saa saba, lakini friza ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Saa tisa na nusu

Nta yote iliyotoka naipima, ni karibu kilo tatu. Naivunjavunja kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nilimwonyesha mpwa wangu kifuniko kilipo na kumrudishia maneno yale yale: nta ikishika moto, ifunike na uzime jiko, usitie maji. Maji hugeuka mvuke mara moja na kurusha nta inayowaka usoni pako. Akayarudia mpaka nikaridhika. Tukaichuja kwa kitambaa, tukaimimina kwenye vifuu vya nazi vyenye tambi mpya za pamba. Usiku wa giza kama leo majirani watavitaka.

Saa kumi na moja jioni

Nikampelekea wifi chupa 35, zimefungwa kwa magazeti ndani ya kikapu. Hakuziangalia. Alifungua moja moja, akaitia pua, akaweka kulia. Ya tisa akaiweka kushoto. Mwishowe kushoto kulikuwa na nne.

"Wifi, hizi bado."

"Nimeziosha mara tatu, wifi."

"Nakuamini. Nusa."

Nikanusa. Vanila, kwa mbali. Nikasema nitazifukiza ubani, kama bibi alivyokuwa akifukiza mtungi wa maji. Akatikisa kichwa. Ubani utaifunika vanila, hautaitoa. Alikuwa sahihi, nami nilijua.

Saa mbili usiku

Chupa nne mezani, mbele ya mshumaa wa kifuu. Glasi hainywi harufu, basi lazima kuna mahali nta imebaki. Nimezizungusha mbele ya mwanga hadi nikaiona. Zote nne zina vifuniko vya kuzungusha, na kwenye zile ngazi za mdomo, nje, pamelala uzi mwembamba wa nta nyeupe ambao juani hauonekani. Mpira wa ndani ya kifuniko nao unanukia vile vile.

Mipira nimeing'oa, wifi atatumia vizibo vya gome. Ngazi nazipitisha kwa kitambaa cha moto na kijiti cha meno, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Mbili zimetoka. Ya tatu naishika sasa hivi.